Munganga wa Nyuma ya Tangi

Huko Mangobo, mjini Kisangani, huwezi kupita asubuhi mbele ya nyumba ya Papa Abdulhamid, fundi cherehani, ukaendelea na safari yako kimyakimya. Kabla hujamaliza kusema hodi utasikia, "Karibu, nawa mikono!" Chai iko jikoni, mikate ya mafuta bado ina moto, na watu wa nyumba wamezunguka sinia moja. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe atakula. Mwendesha toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, aliyesimama tu kurudisha mnyororo wake, naye atakula. Papa Abdulhamid hajui kula bila mgeni.

Sheria yake ilikuwa moja, na watoto wake waliijua kabla ya kujua kuhesabu: "Katika nyumba hii hakuna anayetafuna peke yake." Siku moja Rashidi, kitinda mimba, alirudi na pipi aliyopewa dukani. Papa alichukua mkasi wake wa kukatia nguo, akaikata pipi vipande vipande, kila mtu akapata chake. Kipande cha Mama kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, lakini alikilamba na kushukuru. Na ole wake mtoto aliyeficha karanga mfukoni! Angeitwa mkono wa birika mpaka jua lizame.

Kitu kimoja tu hakikugawanywa: kidonge cha Aziza. Aziza ndiye mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Kila asubuhi baada ya chai, Mama alimwekea kidonge kiganjani, na kila asubuhi Rashidi alinyoosha mkono na kuuliza, "Na mimi je?" Mama alimwambia hicho si chake. Aziza alikimeza harakaharaka huku akiona haya, kana kwamba amekiiba.

Sababu ya kidonge hicho ilijulikana baada ya damu ya Aziza kupelekwa nchi za mbali kuchunguzwa. Majibu yaliporudi, Daktari Simone wa hospitalini aliwaita wazazi akawaeleza.

"Mwilini mwa kila mtu kuna walinzi," alisema. "Wakiona kuvu inaingia, wanapigiana kengele, wanakusanyika, wanaifukuza. Kengele hiyo tunairithi: moja kwa baba, moja kwa mama. Ikiharibika moja, nyingine inatosha, na mtu anazeeka bila kujua lolote. Papa ana moja mbovu. Mama naye ana moja mbovu. Aziza, kwa bahati tu, amerithi zile mbovu zote mbili. Walinzi wake wapo na wana nguvu, mafua wanayaona, malaria wanapambana nayo. Lakini kuvu ikiingia, wao wamelala fofofo."

"Basi ni kosa la nani, Daktari?" Papa aliuliza.

"Si la mtu. Hakurogwa, hakulishwa kitu kibaya, na kasoro hii hawezi kumwambukiza yeyote. Amezaliwa nayo, kama alivyozaliwa na hayo macho makubwa. Kidonge cha kila siku ndicho kitakachofanya kazi ya kengele."

Kabla ya kidonge hicho, Aziza aliteseka. Kuvu nyeupe ilimjaa ulimini, ikashuka kooni, ikafika mahali hata kumeza mate kukawa vita. Alilala hospitalini muda mrefu hata wenzake wakapanda darasa, yeye akabaki nyuma. Sasa alikuwa darasa la sita, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Aziza hakuogopa nyoka wala radi. Aliogopa kitanda kile cha hospitali na kuachwa tena na wenzake.

Siku moja Mwalimu Kasongo aliingia darasani na kipande cha mkate kilichoota ukungu wa kijani.

"Bon, angalieni vizuri, msiguse!" alisema. "Hii ni kuvu. Uyoga mnaokula nyumbani ni ndugu yake. Na mapunye yanayowatoa baadhi yenu nywele, hayo pia ni kuvu."

Darasa zima likageuka kumtazama Gracia. Masikini Gracia! Alikuwa rafiki wa kufa na kupona wa Aziza, na kichwa chake kilikuwa kimetoka mabaka mabaka. Franck, mvulana aliyejua mzaha kuliko hesabu, alikuwa amembandika jina la Ramani. "Hebu tuonyeshe Kinshasa iko wapi!" alimwambia, na watu wakacheka.

Wakati wa mapumziko Aziza alimkuta Gracia nyuma ya tangi la maji la shule, amejifunika kitambaa, analia.

"Dada yangu anaolewa," Gracia alisema kwa kwikwi. "Mimi ndiye nitakayetembea mbele ya bibi harusi na maua. Nitatembeaje na kichwa hiki?"

Aziza alisikia moyo ukimuuma. Mapunye ni kuvu, Mwalimu mwenyewe kasema. Dawa ya kuua kuvu ilikuwa kwao nyumbani, kopo zima! Yeye, binti wa Papa Abdulhamid, aendelee kumeza peke yake huku rafiki yake analia? Haiwezekani kabisa.

Kesho yake, Mama alipompa kidonge, Aziza alijifanya kukitupia mdomoni, akanywa maji, akashukuru, kisha akaondoka nacho ngumini. Nyuma ya tangi alikikata kwa meno.

"Nusu yako, nusu yangu," alisema.

"Na wewe hutaumwa?" Gracia aliuliza.

"Aka! Nusu inanitosha. Meza."

Siku chache zilipita na Gracia akasema kichwa hakiwashi sana. Labda ilikuwa kweli, labda ilikuwa furaha tu. Habari ya namna hiyo haikai mfukoni, na mtu wa kwanza kuinusa alikuwa Franck. Alikuja nyuma ya tangi akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Munganga," alinong'ona, maana hivyo ndivyo watu wa Kisangani wanavyomwita daktari, "na mimi niko nayo."

"Wapi?"

Franck aliinua shati. Tumboni alikuwa na choa, duara kubwa lenye ukingo mwekundu.

"Ehee!" Gracia alipiga makofi. "Hiyo nayo tuiite nini? Kongo yote imo, hata mito!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu, Franck mwenyewe akiwa wa kwanza. Kisha akapewa kipande chake.

Tangu siku hiyo foleni ilianza. Huyu ana mapunye, yule ana choa mkononi, mwingine hana kitu lakini hapendi kupitwa. Aziza aliazima nyumbani kimkasi cha kukatia uzi, akawa anakata kidonge nusu, halafu robo, halafu vipande visivyo na jina. Aliwapanga wagonjwa mstari. Aliwafunua vitambaa, akawapapasa vichwa kwa vidole, akakunja uso kama Daktari Simone na kusema, "Hmm. Tutaona."

Jamani, raha iliyoje! Miaka yote Aziza alikuwa yule mtoto mgonjwa, yule wa kuonewa huruma. Sasa darasa zima la sita lilimngoja yeye. Kichwa kilimvimba kidogo, na nani asingevimba? Ila kwenye kugawa huko yeye mwenyewe alibaki kulamba unga uliobaki kwenye kimkasi.

Baada ya muda ulimi ulianza kuwaka. Kwanza kwenye pilipili, kisha kwenye chai ya moto, kisha hata kwenye maji. Alijitazama kwenye kioo cha Papa cha wateja, akaona ulimi mweupe kama uliopakwa maziwa. Shingoni nako duara dogo lilikuwa limetokea, linawasha. Tusimsingizie ujinga: Aziza alijua vizuri sana hiyo ni nini, na aliogopa. Lakini angesema nini? Angesema, watu wangejua yote, na Gracia angekosa dawa kabla ya harusi. Akafunga kitambaa shingoni, akajitia hamnazo.

Ila sinia halifichi mtu. Mkila pamoja, kila mmoja anachimba wali upande wake, na asiyekula anaonekana.

"Aziza, mbona upande wako kuna mlima?" Mama aliuliza.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini, na hujala?"

"Nimeshiba tu."

Mama alimtazama, akamtazama tena, akasema labda ni wasiwasi wa mtihani.

Ijumaa moja, wametoka kuswali na sinia limetua katikati, hodi ilisikika. Alikuwa Mama Gracia, muuza samaki sokoni, amebeba jogoo mwekundu miguu juu.

"Karibu, nawa mikono!" Papa alisema.

Mama Gracia hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alinawa, akaketi na jogoo wake kwapani, akamega tonge, kisha akaanza kusema kwa sauti ileile anayouzia samaki.

"Papa Abdulhamid, miye nimekuja kusema aksanti. Mutoto yenu iko na roho muzuri kabisa! Dawa yenye anapatia Gracia kila siku, Mungu amubariki. Ile mapunye ilikuwa inaanza kupona, sasa imerudia tena. Donc nimeleta huyu jogoo, Munganga Aziza amuongezee kidogo."

"Munganga nani?" Papa aliuliza huku akicheka.

"Dawa gani?" Mama aliuliza, naye hakucheka. "Hapana, mama, umekosea nyumba. Mwanangu ana dawa yake mwenyewe na anaimeza mbele yangu. Huyo atakuwa Aziza mwingine. Si kweli, mwanangu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Aziza angetikisa kichwa tu, mama yake angemwamini, na Mama Gracia angeondoka na jogoo wake akijiona amechanganyikiwa. Alimtazama mama yake aliyekuwa anamtetea bila kujua chochote, na aibu ikamzidi.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Nilikuwa sikimezi kidonge. Nilikuwa nakigawa shuleni." Alifungua kitambaa shingoni, akatoa ulimi nje.

Mama alipiga yowe. Tonge la Papa lilibaki njiani, halikwenda mdomoni wala halikurudi siniani.

"Nani alikufundisha jambo hili?" Papa aliuliza polepole.

"Wewe, Papa," Aziza alijibu huku machozi yakimtoka. "Ulisema hakuna anayetafuna peke yake."

Papa Abdulhamid alilirudisha tonge siniani. Aliinuka na wali vidoleni, akatoka barabarani kuita toleka. Mama Gracia aliposhika mdomo kwa mshtuko alimwachia jogoo, jogoo akapita katikati ya sinia, Rashidi akamfuata mbio, na hakuna aliyejali wali uliomwagika.

Hospitalini Daktari Simone aliwasha tochi yake ndogo.

"Fungua. Zaidi. Sema aaa." Kwa kawaida alikuwa mcheshi, lakini alipoizima tochi hakuwa akitabasamu. Alimsikiliza Aziza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na vichwa vyao umevishika kwa mikono hii?"

"Ndiyo, Daktari."

"Sikiliza, mwanangu. Mapunye kwa Gracia ni muwasho na nywele kukatika. Kwako wewe kuvu ileile inaweza kuchimba ngozi na kwenda chini zaidi, maana hakuna wa kuizuia. Hilo la kwanza. La pili, kidonge kizima ni kipigo. Robo ya kidonge ni kubembeleza. Kuvu inayobembelezwa kila siku inaizoea dawa, na mwisho haiiogopi tena. La tatu, hao wenzako hukuwaponya. Dozi yao ni nyingine, na dawa hii mtoto akipewa bila kupimwa inaweza kumuumiza ini."

Aziza aliinamisha kichwa. Daktari alimpangusa ulimi kwa kijiti chenye pamba, akamkwangua kidogo shingoni, akaviweka kwenye vichupa.

"Maabara itatuambia kama kuvu yako bado inaiogopa dawa," alisema. "Kama bado inaiogopa, utameza vidonge vizima na utapona nyumbani. Kama imeizoea, tutaagiza dawa nyingine kutoka Kinshasa, ya kuingia kwa mshipa, na utalala hapa mpaka tuishinde."

"Na mtihani?"

"Mtihani utafanyika bila wewe."

Hapo Aziza alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, na Papa alimkumbatia bila kumkemea.

Wakaanza kungoja. Kila asubuhi Aziza alimeza kidonge kizima, na Mama akamfungua mdomo kuhakikisha, hata chini ya ulimi alichungulia. Ulimi uliendelea kuwaka. Duara la shingoni halikuondoka. Gracia alikuja kumtazama, akasimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Ni mimi niliyekuharibia," alisema.

"Ingia, acha kujiliza," Aziza alimwambia. "Hukuniomba. Nilikupa mwenyewe." Kisha wakasoma hesabu pamoja, kwa sababu Aziza alikata kauli kwamba atajiandaa kwa mtihani kana kwamba majibu yatakuwa mazuri.

Papa naye alikwenda shuleni, akamweleza Mwalimu Kasongo kila kitu. Mwalimu hakupiga mtu. Alitoka uani akapiga makofi.

"Alors, wagonjwa wote wa Munganga Aziza, mstari! Leo mnakwenda kwa munganga wa kweli."

Aliwapeleka kituo cha afya. Muuguzi alimtazama kila mmoja, akampa kila mwenye ugonjwa dawa yake na maelezo ya kuwapelekea wazazi: wasiazimane vitana, kofia wala vitambaa, na dawa imezwe mpaka iishe hata muwasho ukikoma. Wasiokuwa na kitu walirudishwa mikono mitupu. Franck alionja dawa yake akakunja uso. "Ya Munganga wetu ilikuwa tamu zaidi," alinung'unika, akapigwa kikofi cha kisogo na Gracia.

Hatimaye Daktari Simone aliwaita. Papa aliketi ukingoni mwa kiti huku akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Una bahati," Daktari alisema. "Kuvu yako bado inaiogopa dawa. Na hebu nione huo ulimi. Ehe! Umeanza kuwa mwekundu."

"Alhamdulillahi!" Papa alipaza sauti, na mgonjwa wa chumba cha pili akaitikia amina bila kujua anaitikia nini. Aziza alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, Daktari akampa pamba.

"Sasa nisikilize," Daktari alisema. "Sitaki uache huruma yako. Ni nzuri, na pengine siku moja utakuwa daktari wa kweli. Lakini daktari hamgawii mgonjwa dawa yake mwenyewe. Anamshika mkono, anampeleka mahali dawa ya mgonjwa huyo ilipo. Ungemleta Gracia kwenye kituo cha afya siku ileile, angekuwa na nywele sasa. Na ujue kilichokuokoa: ulisema ukweli mbele ya mgeni, wakati uongo ulikuwa rahisi. Ungechelewa zaidi, leo ningekuwa nakuonyesha kitanda chako."

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu Papa alisema furaha yake haiwezi kukaa juu ya baiskeli. Walikwenda kitambo. Kisha Papa akasimama kando ya barabara.

"Mwanangu, sheria ile niliikata vibaya, kama fundi anayekata kitambaa bila kumpima mtu. Nisamehe. Chakula ni cha wote, hilo halibadiliki. Dawa ni ya mwenyewe, imeze bila kuona haya. Lakini ulimi ulipokuwa unawaka, ulikaa nao peke yako siku zote hizo, nasi tuko palepale kwenye sinia. Maumivu, Aziza, hayo ndiyo usiyatafune peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Papa."

Wakaendelea kutembea. Hawajafika mbali, Aziza akamvuta mkono.

"Papa, kuna mahali pananiuma."

Papa aligeuka ghafla, uso umembadilika. "Wapi? Sema!"

"Tumboni," Aziza alisema. "Njaa."

Papa alicheka mpaka watu wa toleka wakapunguza mwendo kumtazama. Mwanamke mmoja alikuwa anauza samaki wa liboke kando ya barabara, wamefungwa majani na kujaa pilipili. Papa alinunua mmoja mkubwa, wakaketi kwenye ubao wa muuzaji, na Aziza akala bila ulimi kuwaka.